Kosa la Sikio, Lawama ya Ulimi: Kilosa katika Historia ya Kusikiwa kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia katika maisha ya watu tangu muongo wa pili wa karne ya 21 ni vile vinavyodai kusikia. Mwezi Oktoba 2011 kampuni ya Apple ilitoa simu yenye kisaidizi cha sauti kiitwacho Siri. Novemba 2014 kampuni ya Amazon ilizindua Echo, spika janja ambayo huwekwa mezani ikangoja kuamrishwa, na Novemba 2016 Google nayo ikaleta spika yake. Malalamiko hayakukawia. Mtumiaji husema, chombo kisisikie. Husema tena kwa sauti kubwa, chombo kikasikia kisichosemwa. Husema mara ya tatu kwa kukatakata silabi kama anayemfundisha mtoto kutamka, na pengine hapo ndipo chombo hutii.

Katika nchi ambako vyombo hivyo vilibuniwa, kero hiyo huhesabiwa kuwa ubovu wa bidhaa. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo lina kina zaidi. Alexa, sauti iliyo ndani ya spika ya Amazon, ilimaliza muongo wake wa kwanza bila kuwa na Kiswahili kabisa. Mahali ambapo mashine zilianza kukisikia Kiswahili, hasa katika simu za mkononi, zilikuja na sikio lililofundishwa mbali na wasemaji wake walio wengi. Kwa hiyo, swali la kwa nini mashine haisikii haliwezi kujibiwa na fundi peke yake. Ni swali la historia ya lugha pia.

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kuitazama wilaya moja, Kilosa, katika mkoa wa Morogoro. Kilosa imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, iko katika njia ya zamani ya misafara iendayo bara na baadaye ikawa katika njia ya reli. Hivyo, kwa zaidi ya miaka 160 wageni wamekuwa wakiyasikiliza majina na maneno yake na kuyaandika. Pili, ni makutano ya lugha. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda, Waluguru na Wangulu wanapakana au kuchanganyika humo, na wahamiaji wa mashambani wameongeza lafudhi nyingine nyingi. Tatu, katika eneo hilo ndipo ulipofanyika mkataba ambao Watanzania hadi leo huutaja kila wanapozungumzia hatari ya kukubali jambo lisiloeleweka.

Hoja inayotetewa hapa ni moja: katika historia ya Kilosa, kila msikilizaji mwenye nguvu alipokosea kusikia, kosa la sikio lake lilitozwa ulimi wa msemaji. Mashine za leo zimeurithi utaratibu huo. Hazikuuanzisha.

2.0 Sikio la Msafara

Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipita Usagara wakielekea Ziwa Tanganyika. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860, Burton aliandika majina ya mito, vijiji na milima ya eneo hilo kama alivyoyasikia. Mto ambao leo huitwa Mkondoa aliuandika Mukondokwa. Mahali panapojulikana sasa kuwa Lumuma, ambayo ni kata ya Kilosa, yeye alipaita Rumuma.

Tofauti ya herufi moja kati ya Lumuma na Rumuma yaweza kuonekana ndogo, lakini ndani yake mna somo zima la fonolojia. Katika lugha nyingi za eneo hilo sauti l na r hazibainishi maana. Msemaji anayo sauti moja ambayo ulimi wake huitoa ikielekea l au r kwa kadiri ya mazingira na mazoea. Mwingereza, ambaye lugha yake huzitenganisha sauti hizo kabisa, hulazimika kuchagua moja. Anapochagua, haandiki kilichotamkwa. Huandika kile ambacho sikio lake limezoea kukitenga. Sikio la binadamu halipokei sauti ghafi. Hupokea sauti iliyokwisha kupangwa katika mafungu ya lugha ya msikilizaji.

Kanuni hiyo yafaa ikumbukwe, kwa kuwa ndiyo inayoeleza pia mwenendo wa mashine. Mashine huweka kila isikiacho katika fungu iliyofundishwa. Ikiwa haikufundishwa fungu linalofaa, haitanyamaza na kukiri. Itachukua fungu la jirani. Burton hakuacha pengo katika daftari lake. Aliandika Rumuma, na walioandika baada yake wakamfuata.

3.0 Sikio la Mkataba

Kosa la msafara lilibaki katika ramani. Kosa lililofuata lilibeba nchi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walifika Usagara kwa niaba ya Chama cha Ukoloni wa Kijerumani. Tarehe 29 Novemba mwaka huo waliandikiana mkataba na Mangungo, mtawala wa Msowero, ambayo vitabu vingi vya historia huiandika Msovero. Kwa mujibu wa maandishi hayo, Mangungo aliikabidhi ardhi yake pamoja na haki zake zote kwa Peters daima dawamu. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Kaizari ilitoa hati ya ulinzi iliyoitambua mikataba ya aina hiyo katika Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Kutokana na hati hiyo koloni likazaliwa.

Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani. Kilichomfikia mtawala wa Msowero ni maneno ya mkalimani, na kilichofika Berlin ni maneno ya Peters. Kati ya pande hizo mbili hapakuwa na mtu aliyekuwa na haja ya kuuliza ikiwa kilichosikiwa ndicho kilichosemwa. Maneno ya urafiki, zawadi na ukaribishaji, ambayo katika desturi za watawala wa bara yalikuwa na maana yake, yaliingizwa katika mafungu ya sheria ya Ulaya yakatoka yakiwa umiliki, mamlaka na haki.

Jambo linalostahili kuzingatiwa na mwanaisimu ni namna tukio hilo lilivyokumbukwa. Katika vitabu vya shule na katika mijadala ya kisiasa, mkataba mbovu wowote huitwa mkataba wa Mangungo. Anayetajwa kwa dhihaka ni yule aliyesema, wala si yule aliyeandika kisichosemwa. Mtawala ambaye hakupewa nafasi ya kujua yaliyoandikwa amegeuzwa kuwa kielelezo cha ujinga, ilhali mwandishi aliyejua lugha zote mbili za karatasi yake, ile ya maneno na ile ya nia, ametoka katika methali bila kuguswa. Hapa ndipo kosa la sikio linapoonekana waziwazi likilipwa na ulimi.

4.0 Sikio la Misheni na la Fonografu

Haitakuwa haki kudai kwamba wageni wote walisikia vibaya kwa makusudi. Wakati huohuo, katika kituo cha Mamboya, mmisionari wa Church Missionary Society aitwaye J. T. Last alikuwa akikusanya maneno. Mwaka 1885 alichapisha orodha linganishi ya maneno 250 na sentensi katika lugha na lahaja 48, na mwaka 1886 akatoa sarufi ya Kikaguru. Kazi hizo zina dosari za wakati wake, lakini zina sifa moja ambayo mkataba wa mwaka 1884 haukuwa nayo. Mkusanyaji alikaa mahali. Aliweza kurudia swali kesho yake, na msemaji aliweza kumsahihisha.

Umuhimu wa kusahihishwa waonekana katika sauti chache tu. Neno mtu katika Kikaguru ni munhu, kama lilivyo pia katika Kigogo. Zile herufi nh huwakilisha nazali isiyo na mghuno, sauti ambayo Kiswahili sanifu hakina na ambayo mgeni huipokea mara kama n, mara kama h, mara kama nt. Ili kuipata, msikilizaji hulazimika kukubali kwanza kwamba sikio lake lina upungufu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilifika mashine. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alizunguka kusini mwa koloni akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Mashine ile haikuchagua kati ya l na r. Iliikwaruza nta kwa sauti yote, yenye maana na isiyo na maana. Ilikuwa sikio lisiloelewa, na kwa sababu hiyo halikuweza kusingizia mtu neno. Kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata, mashine za kusikia ziliendelea kuwa za aina hiyo. Zilihifadhi, na kazi ya kutafsiri ikabaki kwa binadamu.

Kazi hiyo ya binadamu haikwenda haraka. Baada ya sarufi ya Last, ilipita miaka 122 kabla ya Malin Petzell kuchapisha sarufi nyingine kubwa ya Kikaguru, mwaka 2008, pamoja na matini na msamiati. Katika miaka hiyohiyo ya 2000 Karsten Legère, kutoka Chuo Kikuu cha Gothenburg, alifanya utafiti wa Kividunda pamoja na wasemaji wenyewe katika milima iliyo kusini mwa wilaya. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyoorodhesha lugha zaidi ya 150. Hivyo Kilosa ilianza kuwa na kumbukumbu ya lugha zake karibu sana na wakati ambapo mashine zilianza kudai kuelewa.

5.0 Sikio la Kamati na la Shule

Kati ya lugha hizo na mashine kilisimama Kiswahili sanifu. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ilipita Kilosa na kuifanya kuwa mji wa stesheni, maghala na ofisi. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalivuta vibarua kutoka Unyamwezi, Uha, Umakonde na kwingineko. Baadaye mashamba ya miwa ya upande wa Ruaha na Kidodi yakavuta wengine. Watu hao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili, na kila mmoja alikisema kwa ulimi aliotoka nao kwao. Kiswahili cha Kilosa hakikuletwa na mwalimu kikiwa kizima. Kilisukwa kambini, sokoni na stesheni.

Lakini Kiswahili kilichoandikwa kilikuwa kingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Katika miaka yake mingi ya mwanzo kamati hiyo iliendeshwa na Wazungu, maofisa wa elimu na wamisionari. Faida ya usanifishaji haina mjadala: bila tahajia moja kusingekuwa na vitabu vya shule, wala magazeti ya nchi nzima, wala mihadhara kama huu. Hata hivyo, uamuzi wa maandishi uligeuka polepole kuwa hukumu ya matamshi. Mtoto wa Rudewa aliyetamka kalamu na karamu kwa namna moja, au aliyesema feza badala ya fedha, selasini badala ya thelathini, aliambiwa kwamba hajui Kiswahili. Kwa kweli alikijua. Asichokijua ni matamshi ya pwani ambako sauti dh, th na gh zimeingia kwa njia ya Kiarabu.

Redio iliongeza uzito wa hukumu hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957. Mtangazaji alichaguliwa kwa matamshi yake, na wasikilizaji wakafundishwa kwamba hivyo ndivyo lugha inavyopaswa kusikika. Mawasiliano yalikuwa ya upande mmoja. Watu wa Kilosa waliisikia redio kwa miaka mingi, nayo redio haikuwa na haja ya kuwasikia. Uhusiano huo ulikuja kuwa na matokeo ambayo hakuna mtangazaji aliyeweza kuyatabiri, kwani rekodi za redio ndizo zilizokuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza vya mashine za kutambua usemi wa Kiswahili.

6.0 Sikio la Mashine

Mashine ya kwanza inayotajwa mara nyingi katika historia ya utambuzi wa usemi ni Audrey, iliyotengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1952. Iliweza kutambua tarakimu kumi za Kiingereza, na ilifanya vizuri pale tu iliporekebishwa kulingana na sauti ya msemaji mmoja. Miaka kumi baadaye kampuni ya IBM ilionyesha mashine iliyotambua maneno 16. Tangu miaka ya 1970 njia ikabadilika. Badala ya kuifundisha mashine kanuni za sauti, wataalamu waliilisha rekodi nyingi pamoja na maandishi yake, ikajifunza kukisia ni neno gani lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa limetamkwa.

Neno kukisia ndilo la kushikilia hapa. Mashine ya namna hiyo hupima mambo mawili kwa pamoja: sauti iliyoingia inafanana na nini, na ni mfuatano gani wa maneno uliozoeleka zaidi. Neno lisilopatikana mara nyingi katika chakula chake hushindwa na neno linalopatikana mara nyingi, hata kama msemaji amelitamka vizuri. Mtu anayetaja Mikumi, mji na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo jina lake latokana na miti ya jamii ya mvumo, aweza kuandikiwa mia kumi au miaka kumi. Uleling'ombe, Mkwatani na Mbumi hayana hata jirani wa karibu wa kuwakilishwa naye. Kilosa ina kata iitwayo Ulaya. Mkulima aulizaye njia ya kwenda Ulaya atakuwa ametamka vyema, amesikiwa vyema, na bado akaonyeshwa bara jingine, kwa kuwa katika maandishi yaliyoilisha mashine Ulaya ni moja tu.

Kiswahili kina tatizo jingine lililo katika maumbile yake. Kutoka katika shina moja hutoka waliotusikiliza, wasiotusikiliza, watakaotusikiliza, na maumbo mengine kwa mamia. Mifumo ya awali iliyotegemea orodha maalumu ya maneno mazima haikuweza kuyabeba yote. Mwaka 2012 Hadrien Gelas, Laurent Besacier na François Pellegrino walieleza mfumo wa Kiswahili waliouunda kwa takriban saa 10 za habari za redio, na mojawapo ya hatua walizochukua ni kuyagawa maneno katika vipande vidogo. Sarufi ya Kibantu ilibidi iingie ndani ya mashine ndipo mashine isikie.

Kuna pia pale ambapo sauti husikiwa sawasawa na maana ikapotea. Msemaji wa Kiswahili akiomba aamshwe saa mbili asubuhi ana maana ya saa mbili baada ya mapambazuko. Chombo kilichojengwa juu ya saa ya Kizungu kitamwamsha usiku wa manane, au kitakuwa kimya alfajiri nzima. Hakuna herufi iliyokosewa. Kilichokosewa ni siku yenyewe, mahali inapoanzia. Kosa hili ni la ukoo mmoja na lile la Msowero: maneno ya upande mmoja yamepimwa kwa kipimo cha upande wa pili.

Uhaba wa chakula cha mashine waweza kupimwa. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa mfumo uitwao Whisper, uliofundishwa kwa saa 680,000 za sauti zilizokusanywa kutoka intaneti. Kati ya hizo, takriban saa 438,000 zilikuwa za Kiingereza. Saa za usemi wa Kiswahili ulioandikwa kwa Kiswahili hazikufika 10. Lugha inayosemwa na makumi ya mamilioni ya watu, ambayo Novemba 2021 UNESCO iliitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani, iliingia katika sikio hilo kwa kipimo kisichozidi mazungumzo ya siku moja. Ni kweli kwamba hatua zimepigwa. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili katika uandikaji kwa sauti kwenye simu, na mifumo iliyofuata imeendelea kuwa bora. Lakini chaguo alizopewa mtumiaji zilikuwa mbili, Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, kana kwamba lafudhi hukoma mpakani Namanga na kuwa moja kutoka Tanga hadi Kigoma.

Wala tatizo si la Kiswahili pekee. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, ulioongozwa na Allison Koenecke, ulipima mifumo mitano ya makampuni makubwa. Ulibaini kwamba kwa wasemaji Wamarekani weusi mifumo hiyo ilikosea kwa wastani maneno 35 katika kila 100, na kwa wasemaji weupe maneno 19. Lugha ilikuwa ileile, Kiingereza. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwapo wakati sikio likifundishwa.

7.0 Nani Abadilike?

Mbele ya mashine isiyosikia, mtumiaji huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kunyamaza na kurudi katika kuandika. Kwa msomi hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mtu mzima asiyejua kusoma, kwa asiyeona, kwa mkulima aliyeahidiwa kwamba bei za mazao na ushauri wa kilimo vitapatikana kwa kuuliza tu, kunyamaza ni kufungiwa mlango ambao ulijengwa kwa jina lake. Wanaotajwa katika maombi ya fedha kuwa ndio walengwa huwa ndio wa mwisho kusikiwa.

Njia ya pili ni kubadili ulimi. Watumiaji wengi huichagua bila kutambua. Hupunguza mwendo, huiga mtangazaji, huacha jina la kijiji na kutaja la mji, au huhamia Kiingereza. Hapa mwanaisimu ana sababu ya kuhofu. Lugha hubadilika kwa kuwaiga wasikilizaji wenye uzito. Shule na redio zilikuwa na uzito huo kwa saa chache za siku, na mwalimu alikuwa binadamu ambaye baada ya kipindi alirudi kuzungumza kama majirani zake. Chombo kilicho mfukoni kutwa nzima hakina majirani.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kulibadili sikio. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilitangaza ufadhili wa dola milioni 3.4 kwa ajili ya kukusanya sauti za Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, ambamo watu husoma sentensi na wengine kuzihakiki. Rekodi zake hutolewa kwa hati inayomruhusu yeyote kuzitumia bila kuomba wala kulipa. Mradi huo umeonyesha kwamba wasemaji wa kawaida wanaweza kuwa walimu wa mashine. Umezua pia swali la haki: sauti iliyotolewa bure kwa nia ya kuijenga lugha yaweza kuchukuliwa na kampuni, ikauzwa tena kwa aliyeitoa. Wilaya ambayo jina lake limefungamana na mkataba wa mwaka 1884 ina kila sababu ya kuuliza kilichoandikwa katika hati kabla ya kutoa kitu.

Kutokana na historia iliyoelezwa, mambo matatu yanapendekezwa kwa vyuo na taasisi za lugha. La kwanza ni kukusanya usemi huru badala ya kutegemea sentensi za kusomwa peke yake, kwa sababu anayesoma huvaa lafudhi ya shule. Mazungumzo ya mnadani, ya stesheni na ya shambani yana sauti ambazo usomaji huzificha. La pili ni kutayarisha orodha za majina ya mahali pamoja na rekodi za wenyeji wakiyatamka, kata kwa kata. Kazi hiyo ni ndogo kwa gharama, nayo yaweza kufanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza wakati wa likizo. La tatu ni kwamba hati za idhini ziandikwe kwa Kiswahili, zisomwe kwa sauti, na mtoaji awe na haki ya kuisikia rekodi yake na kuikataa. Hapo sharti la Mamboya, la msemaji kumsahihisha msikilizaji, litakuwa limewekwa ndani ya mashine.

8.0 Hitimisho

Methali ya Waswahili yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Humwonya mdogo. Haisemi litakalompata mkuu asiyesikia la mdogo, pengine kwa sababu katika mpangilio wa zamani mkuu hakuwa na la kumpata. Historia ya Kilosa imeonyesha mkuu huyo kwa sura mbalimbali: msafiri mwenye daftari, mwenye mkataba, mjumbe wa kamati, mtangazaji, na sasa mashine. Kila mmoja alisikia kwa mafungu aliyokuja nayo. Waliokaribia kusikia vizuri ni wale waliokaa, wakauliza tena, wakakubali kusahihishwa na wenye lugha.

Treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kupita Kilosa mwaka 2024, zikiwapeleka watu Dodoma na Dar es Salaam kwa muda ambao vibarua wa mkonge wasingeusadiki. Vyombo vinavyosikia navyo vitaendelea kuja, na vitakuwa vyepesi na vya bei nafuu kuliko vya leo. Mzee wa Lumuma atakapotaja kwao kwa ulimi wa kwao na chombo kikaandika Rumuma, kazi ya mwanaisimu itakuwa ni kufungua chombo na kurekebisha orodha. Mzee aachwe aseme.